Methadoni kwa Maumivu ya Saratani: Hadhari kwa Wauguzaji wa Kiegeani

Kwa kuwa yamekithiri malalamiko kwamba wagonjwa wa saratani wanapewa "dawa ya mateja", imetuwajibikia kuwaeleza jamaa wa Kiegeani, bila kuficha, kwamba methadoni ambayo tangu mwaka 2011 hunyweshwa Muhimbili watu wanaojinasua na heroini, ndiyo hiyo ambayo tabibu huweza kumwandikia mgonjwa wa saratani ambaye mofini ya maji, dawa iliyozoeleka nchini kwa maumivu makali, imemshinda au imemletea madhara asiyoyahimili. Mgonjwa huyo si teja. Nani astahili, hilo ataliamua daktari wa saratani au wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso.

Linalotutia khofu ni jingine. Mofini ya maji hutuliza kwa muda wa saa 4 hivi, kisha hutoka mwilini upesi. Methadoni hutuliza kwa saa 6 hadi 8, ilhali yenyewe husalia mwilini siku nzima, na kwa wengine zaidi ya siku 2, hata dozi ya leo ikaikuta ya jana haijaondoka. Kwa hiyo muuguzaji mwenye huruma, amwonapo mzee wake akiugulia usiku wa pili, akamwongezea kidogo kwa kudhani dawa haina nguvu, aghalabu haoni dhara usiku ule. Balaa huja siku ya nne au ya tano, mgonjwa akazama usingizini asiamshike, akikoroma vibaya, pumzi zikipungua.

Msiongeze dozi! Maumivu yakizidi, mwambieni tabibu, naye ana dawa nyingine ya kuongezea. Pimeni kwa bomba mlilopewa, wala si kwa kijiko cha chai. Pumzi zikiwa chini ya 10 kwa dakika, au mgonjwa haamki, zuieni dozi inayofuata na mpelekeni hospitali ya Kilindoni saa ile ile, pamoja na chupa. Msingoje mashua ya kuvukia Nyamisati.

Atumiaye kwa miezi mingi asiikatize ghafla, moyo wake upimwe, na kila ampaye dawa nyingine aambiwe kwamba anatumia methadoni, kwani rifampisini ya kifua kikuu huidhoofisha methadoni na flukonazoli huizidisha. Pombe na vidonge vya usingizi ni marufuku. Chupa ifungiwe kasha, watoto wasiifikie.

Tumelisema hili mara nyingi, na hatutachoka kulisema: msiongeze dozi, hata tone moja, bila idhini ya tabibu aliyeiandika.