Sinema ya Watu Wazima ya Vugiri: Somo kwa Mhudumu na Mgonjwa

Miongoni mwa filamu za mwanzo za elimu ya afya katika Afrika Mashariki, zimo zilizotengenezwa katika milima yetu ya Usambara. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, liliendesha mradi wa sinema huko Vugiri, Korogwe. Walengwa hasa walikuwa watu wazima. Waafrika waliigiza, maelezo yakasikika kutoka sahani za santuri, na lori likapeleka maonyesho hadi nchi jirani.

Mojawapo ya filamu hizo ilihusu safura. Mabuu yake hupenya ngozi ya miguu kutoka udongo uliochafuliwa kwa kinyesi. Minyoo hunyonya damu utumboni, na mgonjwa hupungukiwa damu. Lakini wageni ndio walioamua lipi lifundishwe, na picha haijibu swali. Mtazamaji akionyeshwa mnyoo uliokuzwa bila kuelezwa, aweza kudhani kwamba wake, mdogo kama kipande cha uzi, si ugonjwa.

Basi mhudumu anayeonyesha video kliniki leo aisimamishe kidogo, aulize: “Umeona nini? Nyumbani choo kikoje? Watoto wana viatu?” Nawe mgonjwa, usione haya kuuliza. Picha hufungua mazungumzo. Tiba na kinga hufuata pale mnapoelewana.