Mtoto Anayeziba Masikio Kanisani

Somo: Marko 7:31-37, Yohana 9:1-3, 1 Wafalme 19:11-13

Jumapili iliyopita tulisoma habari za yule kiziwi wa Dekapoli aliyeletwa kwa Yesu. Wengi wetu tukiisoma tunakimbilia muujiza. Hebu tusimame kidogo kwa mstari wa 33. Watu wamemleta, wanataka awekewe mikono pale pale. Yesu anamtoa kwanza kwenye umati, anaenda naye kando. Halafu anatumia vidole na mate, vitu ambavyo mtu asiyesikia anaweza kuelewa. Anaanza na hali ya huyo mtu, haanzi na ratiba ya ibada.

Nataka tulipeleke andiko hilo kwa watoto wetu wenye usonji, ama otizimu kama wengi wanavyosema. Yule kiziwi hakuwa na usonji, nisieleweke vibaya. Lakini namna alivyohudumiwa inatuhusu.

Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua, na huanza kabla mtoto hajazaliwa. Hauletwi na chanjo, wala kijicho cha jirani. Mtoto anaweza kupita mwaka mmoja na bado hageuki ukimwita jina, haonyeshi kitu kwa kidole. Wengine walikuwa wameanza maneno, yakapotea. Na kwa wengi, milango ya fahamu hupokea vitu kwa nguvu kupita kiasi, ama kidogo mno. Lebo ya sweta inamkwaruza kama msasa. Anakula ugali mkavu, ukimwekea sukuma wiki juu anakataa sahani nzima. Mwingine naye anatafuta kuruka, kuzunguka na kubanwa kwa nguvu, siku nzima.

Sasa mlete huyo mtoto kwa kanisa la mabati, spika nne, kinanda, ngoma, na mhubiri anayepaza sauti kwa maiki. Anaziba masikio, analia, anajitupa chini. Na sisi watu wa Roho tunasema nini? Tunasema ni pepo, limesikia jina la Yesu likatetemeka. Watu watatu wanamzunguka, wanamshika kichwa, wanaongeza sauti. Kuongeza sauti kwa mtoto anayeumizwa na sauti! Anazidi kulia, na mama yake anaangaliwa kama mtu aliyeficha dhambi. Wanafunzi waliuliza swali hilo hilo katika Yohana 9, kwamba ni nani aliyekosa, yeye ama wazazi wake. Yesu alilikataa. Sioni ni kwa nini sisi tumeliokota.

Nikisoma biashara chuoni tulifundishwa kwamba mteja anayelalamika bado ni wako. Wa kuogopa ni yule anayeondoka kimya. Kina mama hawa huondoka kimya. Wiki nzima yuko kwenye laini hapa EPZ anashona, tageti iko juu yake, na mtoto ameachwa kwa jirani mpya kwa sababu yule wa mwezi jana alishindwa naye. Jumapili ndiyo siku yake moja. Akikosa nafasi hata hapa, anabaki kwa nyumba amefunga mlango.

Kuna atakayeniuliza, "Pasta, si Yesu alimponya?" Alimponya, na sisi tunaomba, hatuachi. Lakini maombi hayapimwi kwa kelele. Kule Horebu, Eliya hakumpata Bwana katika upepo wala tetemeko wala moto, bali katika utulivu uliofuata. Na kabla hujamwekea mtoto mikono, muulize mzazi kama kuguswa kunamuumiza. Tena mtu asiambiwe aache kliniki ili kuonyesha imani. Sijaona tukimwambia mzee yeyote hapa atupe miwani yake.

Mzazi, usingoje ukisema atabadilika akikua. Tangu 1984 serikali ina vituo vya kupima watoto, vinaitwa EARC. Ulizia kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. KISE kule Kasarani, iliyoanzishwa 1986, pia hupima. Baada ya hapo ulizia kuhusu kumwandikisha kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usione aibu kutafuta wazazi wenzako: ni wazazi walioanzisha Autism Society of Kenya mwaka wa 2003, na mwaka huo huo City Primary, Ngara, ikapata kitengo cha watoto wenye usonji. Nyumbani, mwambie mapema kinachofuata, kwa picha kama haongei. Tumia maneno machache. Akilemewa, punguza kelele na mwanga. Usimchape, hakusumbui kwa makusudi.

Kuanzia Jumapili hii chumba cha nyuma, kile cha viti, kitakuwa wazi ibada yote. Spika ya upande huo itazimwa. Kutakuwa na mikeka, na walimu wa shule ya Jumapili watakaa hapo kwa zamu ili mzazi naye asikie neno. Mtoto akiingia na kutoka mara kumi, wahudumu wa mlangoni, mwacheni. Wazazi wanaotaka kwenda Kasarani pamoja wanione Jumatano baada ya maombi, tupange nauli.