Saa 507: Niliyojifunza Nikipiga Ngoma Ufaransa

Msanii yeyote anayefanya kazi Ufaransa anaijua namba 507. Ndiyo idadi ya saa unazotakiwa kutimiza ndani ya miezi 12 ili upate mafao ya ukosefu wa ajira, chini ya utaratibu maalumu wa wasanii na mafundi wa jukwaani, watu ambao kazi yao huja kwa vipindi. Mimi ni mpiga ngoma kutoka Tanga, ninaishi Lyon, na utaratibu huu ndio unaonilipia kodi ya nyumba miezi ambayo simu hailii. Ninawaandikia wenzangu wanaofikiria kuja, na walioko nyumbani wanaodai haki ya namna hii.

1. Saa isiyoandikwa haipo

Onyesho moja lililolipwa kwa mkupuo, hata likiwa la dakika arobaini, huhesabiwa saa 12. Wafaransa waliona ukweli ambao kila mwanamuziki anaujua: nyuma ya dakika arobaini kuna mazoezi, safari, kupakia na kushusha vyombo, na kungoja. Maonyesho 43 kwa mwaka yanakuvusha. Fundi wa sauti au wa taa yeye huhesabiwa saa alizofanya hasa.

Lakini hayo yote ni kwa kazi yenye mkataba, hati ya mshahara na taarifa iliyopelekwa serikalini. Mzee mmoja wa Lubumbashi, fundi wa sauti aliyetutangulia miaka mingi, hakuwahi kuniuliza shoo ilikuwaje. Aliuliza, “Mdogo wangu, kontra iko wapi?”, yaani mkataba. Niliielewa hoja yake siku mwandaaji mmoja wa sherehe alipotaka kunilipa kwa bahasha, kama tulivyozoea pwani. Fedha ilikuwa nzuri. Nikamwambia kwamba sheria ya kazi ya Ufaransa inamchukulia msanii anayelipwa kutumbuiza kuwa ni mwajiriwa, na kwamba kwa watu kama yeye, ambao sanaa si biashara yao, kuna huduma ya bure iitwayo Guso: anajaza fomu moja na michango yote inakwenda panapohusika. Tangu 2004 ni lazima kuitumia. Hoteli, kamati ya kijiji, hata bwana na bibi harusi wanaokodi bendi, wote hupitia hapo. Alijaza. Nilipata fedha pungufu kidogo mkononi, na saa 12 ambazo bahasha isingenipa.

Kama utakumbuka jambo moja tu katika haya yote, likumbuke hili.

2. Mafao si sadaka

Nimesikia watu, hata wa kwetu, wakisema wasanii wa Ufaransa wanalipwa kwa kulala. Inaniuma. Wafanyakazi wa kawaida waliondolewa makato ya bima hii mwaka 2018. Sisi bado tunakatwa, na waajiri wetu wanachangia kwa kiwango cha juu kuliko waajiri wengine. Kisha hulipwi kila siku ya mwezi bila kujali umefanya nini. Kila mwezi unatoa taarifa ya kazi ulizofanya, na ofisi ya mafao inapunguza siku za kulipwa. Kwa msanii, saa alizofanya huzidishwa kwa 1.3 na kugawanywa kwa 10. Ukipiga maonyesho 10, hizo ni saa 120, na siku kama 15 za mwezi huo hazilipwi. Zinazobaki ndizo siku ambazo kidole kinapona, wimbo mpya unatungwa, ngozi ya ngoma inabadilishwa.

3. Ijue tarehe yako

Ukishafuzu unapata tarehe ya mwaka, miezi 12 baada ya mkataba uliokufungulia haki. Siku hiyo hesabu inafungwa, na saa zako zinatazamwa upya. Panga kazi zako ukiitazama tarehe hiyo.

4. Utaratibu huu ulilindwa kwa migomo

Sikuja Ufaransa nikiijua historia hii. Nimejifunza kwa mafundi, nyuma ya jukwaa. Juni 2003 yalitiwa saini makubaliano mapya: saa 507 zilezile, lakini muda wa kuzitimiza ukabanwa hadi miezi kumi na nusu kwa wasanii na kumi kwa mafundi. Watu wakagoma. Tamasha la Avignon, kubwa kuliko yote ya tamthilia nchini humo, likafutwa mwaka ule, na la opera la Aix-en-Provence pia. Miezi 12 na tarehe isiyohamahama vilirudi kwa makubaliano ya 2016, miaka kumi na mitatu baadaye. Mwaka 2020 korona ilipofunga kumbi, Rais Macron alitangaza kwamba haki zitaongezwa muda hadi mwisho wa Agosti 2021; hata hivyo Machi 2021 wasanii waliingia na kukaa ndani ya ukumbi wa Odéon, Paris, kudai zaidi.

Tangu nilipoyajua haya ninakwenda kwenye mikutano ya chama cha wafanyakazi. Lugha yao ya kisheria ni ngumu, lakini ninakaa hadi mwisho.

5. Si kila fedha ya sanaa ina saa

Mirabaha ya nyimbo zako haiingizi hata saa moja. Kufundisha kunaingia kwa kikomo: saa 70, au 120 kwa aliyefika miaka 50. Na dada zangu wajue kwamba likizo ya uzazi huhesabiwa saa 5 kwa siku. Waliipigania wanawake wenyewe, kwa kuwa mimba ilikuwa ikiwapokonya haki.

6. Kazi ya nyumbani huhesabika kwa njia moja tu

Nikialikwa Zanzibar na kulipwa na mwandaaji wa Zanzibar, saa hizo hazimo katika 507. Zinaingia pale mwajiri wa Ufaransa anaponituma kwa mkataba wake na kulipa michango Ufaransa. Kwa hiyo tamasha la nyumbani likiniita, kwanza ninampelekea mwaliko mzalishaji wetu wa Lyon, aone kama bendi nzima inaweza kusafiri chini ya mikataba yake. Asipoweza, ninafungua daftari, nahesabu zimebaki saa ngapi kabla ya tarehe yangu. Zikiwa zimeshatimia, nakata tiketi.