Kilichoyeyuka Ndani ya Kisima

Huko Bahi, mkoani Dodoma, na kwa jirani zao wa Manyoni, Singida, wachunguzi wa madini wameikuta urani kwenye tabaka zisizo mbali na uso wa ardhi. Ni ukanda wa mvua chache, ambako kaya nyingi hutegemea visima. Maji yanayopenya ardhini huweza kukaa miaka mingi kati ya miamba, na mwamba huyaachia vilivyomo: chumvi, chuma, floraidi, na mahali pengine urani, risasi au aseniki. Mgodi si lazima uwepo ndipo hayo yatokee.

Macho na ulimi havitoshi kuamua. Chuma hutia nguo madoa na kuacha kutu kwenye ndoo, hivyo malalamiko huanza mapema. Aseniki haina rangi, harufu wala ladha. Bangladesh ililijua hilo kwa uchungu mkubwa. Tangu miaka ya 1970 familia zilihimizwa kuacha maji ya madimbwi yaliyoleta kuhara, na visima vya bomba vikachimbwa kwa mamilioni. Mwaka 1993 aseniki ilithibitishwa ndani ya visima hivyo, na watu wengi walipatwa na madoa ya ngozi na ugumu wa viganja na nyayo. Katika kampeni iliyofuata, karibu visima milioni 5 vilipimwa: vilivyozidi kiwango vikapakwa rangi nyekundu, vilivyo salama kijani. Mara nyingi chekundu na cha kijani vilitenganishwa na hatua chache tu, kwa hiyo majibu ya kisima cha jirani hayawezi kutumika kwa kisima kingine.

Kipimo kizuri huanzia kisimani. Pampu huendeshwa kwanza mpaka maji yaliyolala bombani yaishe, kisha chupa safi ya plastiki huoshwa kwa maji yaleyale, hujazwa na kuandikwa jina la kisima, tarehe na saa. Mtaalamu huongeza asidi ya naitriki kidogo ili metali zisinate kwenye kuta za chupa. Risasi ina utaratibu wake, kwa kuwa mara nyingi hutoka kwenye bomba na viungio vya pampu, wala si kwenye mwamba. Kwa hiyo inafaa kuchukua chupa mbili: moja ya maji ya kwanza alfajiri, nyingine baada ya kusukuma. Ya kwanza ikiwa na risasi na ya pili ikiwa haina, wa kutafutwa ni fundi.

Kupima mionzi ndani ya maji hudai subira. Ili kuipima radiamu, chanzo kimojawapo cha mionzi, kwa mashine ya miale ya gama, maabara huyafungia maji ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa takriban wiki 4. Radiamu huzaa gesi ya radoni, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8, na chombo kikivuja gesi hiyo hutoroka na hesabu huharibika. Atakayeahidiwa majibu ya radiamu kwa njia hii kesho yake ana haki ya kuuliza maswali. Nchini Tanzania, kazi ya kupima mionzi iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu. Metali hupimwa na maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji.

Majibu yakirudi, hulinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani: aseniki na risasi mikrogramu 10 kwa lita, kadimi 3, urani 30. Kiwango cha urani kimewekwa kwa sababu ya sumu yake kwa figo, yaani kama metali, kabla hata ya kufikiria mionzi yake. Kwa mionzi, mipaka ya awali ni bekereli 0.5 kwa lita kwa miale ya alfa na 1 kwa miale ya beta. Kuvuka mpaka huo hakumaanishi kisima kifungwe siku hiyohiyo; kunamaanisha kila chanzo cha mionzi kipimwe peke yake.

Kuchemsha maji huua vijidudu na kuitoa radoni, lakini metali hubaki. Lita 5 zikichemka hadi zikabaki 4, aseniki yote ya zile tano imo ndani ya hizo nne. Vidonge vya klorini navyo haviiondoi. Kaya yenye kisima kilichozidi kiwango hutafuta maji mengine ya kunywa na kupikia, hasa ya mjamzito na ya uji wa mtoto. Ya mvua kutoka kwenye bati safi, yakitibiwa dhidi ya vijidudu, yanafaa. Maji ya kisima huendelea kufua na kudeki. Karatasi ya majibu hutunzwa, na kisima hupimwa tena kiangazi na baada ya masika, maana kiasi cha metali huweza kubadilika kadiri maji yanavyopanda na kushuka.