Ateri Inapotobolewa kwa Bahati Mbaya: Tiba Isiyohitaji Upasuaji Mkubwa

Taratibu nyingi za tiba huanza kwa kuingiza sindano katika mshipa wa damu. Mgonjwa wa figo huwekewa katheta shingoni ili damu yake isafishwe. Mgonjwa wa moyo hupitishiwa mrija kinenani ili mishipa ya moyo wake ichunguzwe. Shingoni na kinenani, ateri na vena hupita ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo, sindano iliyokusudiwa kuingia katika vena huweza kutoboa ateri, hata mikononi mwa mtaalamu mzoefu.

Tundu la sindano nyembamba kwa kawaida huziba likikandamizwa kwa dakika kadhaa. Hatari huwa kubwa zaidi pale katheta nene, kama ile ya kusafishia damu yenye kipenyo cha milimita 4 hivi, inapoingia ndani ya ateri.

Kutambua jeraha

Damu ya ateri huwa nyekundu angavu na huruka kwa mapigo. Hata hivyo, kwa mgonjwa mwenye shinikizo la chini la damu au upungufu wa oksijeni, huweza kuwa nyeusi na kutoka taratibu. Rangi pekee, basi, si ushahidi wa kutosha. Kupima shinikizo au gesi za damu kupitia katheta, pamoja na altrasaundi, huondoa shaka.

Usiichomoe katheta

Anayegundua kwamba katheta nene imo ndani ya ateri hushawishika kuichomoa mara moja. Hapo ndipo ajali hugeuka kuwa maafa. Katheta hiyo ndiyo inayoziba tundu. Ikitolewa, damu huweza kuvuja shingoni hadi ikabana njia ya hewa, au kumwagika kifuani kutoka kwenye ateri iliyo nyuma ya mtulinga, mahali ambapo mkono hauwezi kuikandamiza.

Inapasa katheta iachwe mahali pake, ifungwe, iwekewe alama ya tahadhari, wala isipitishiwe dawa. Mtaalamu wa upasuaji wa mishipa au wa radiolojia tiba aitwe bila kukawia, kwa sababu damu ikiganda kwenye katheta iliyo katika ateri ya shingo, donge laweza kwenda ubongoni na kuleta kiharusi.

Tiba kupitia tundu dogo

Mwaka 1953, Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alieleza namna ya kuingiza katheta kwa kufuata waya mwembamba. Tiba ya leo hutumia njia hiyohiyo. Kwa ganzi ya sehemu na mwongozo wa picha za eksirei, mtaalamu huingia kupitia ateri nyingine na kutandaza stenti iliyofunikwa kitambaa, ambayo huziba tundu kwa ndani huku damu ikiendelea kupita. Tawi dogo lisilo la lazima huweza kuzibwa kwa koili za metali.

Wakati mwingine damu iliyovuja kinenani hujikusanya kando ya ateri na kuwa uvimbe unaodunda. Uvimbe mdogo huweza kuganda wenyewe. Mwingine hudungwa thrombini kwa mwongozo wa altrasaundi ili damu iliyomo igande.

Upasuaji wa wazi haujapoteza nafasi yake. Huhitajika pale uvimbe unapokua kwa kasi, unapoambukizwa, unapotishia kupasua ngozi, au pale stenti ingeziba tawi muhimu.

Kinga na wajibu wa mgonjwa

Kinga bora ni kuitazama sindano kwa altrasaundi inapoingia, na kuhakikisha kwamba waya umo ndani ya vena kabla ya kupanua tundu.

Mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani arejee hospitali haraka akiona uvimbe unaodunda au unaokua, maumivu yanayozidi, au mguu kuwa baridi, kupauka au kufa ganzi. Damu ikitoka, apakandamize mahali hapo kwa nguvu bila kuachia huku akipelekwa hospitali. Asikande uvimbe huo wala kuuchua kwa dawa yoyote.