Gegedu la Sikio

Shika sikio lako kwa vidole viwili. Anza chini, kwenye ndewe, mahali wanawake wanapotundika vipuli. Utaona ya kuwa hapo ni laini kabisa, wala hakuna kitu kigumu ndani yake. Sasa pandisha vidole mpaka juu, ukafuate ukingo wa sikio. Huko utashika kitu kigumu kidogo. Ukikikunja hukunjika, na ukikiachia hurudi mara moja mahali pake. Kitu hicho si mfupa, wala si nyama. Jina lake ni gegedu. Ncha ya pua nayo ina gegedu. Kama lisingalikuwako, masikio yetu yangalilala shavuni kama kitambaa kilicholoa maji.

Gegedu lina ajabu moja, na katika ajabu hiyo ndimo hatari yake ilimo. Halina mishipa ya damu. Nyama ya mwili hulishwa na damu ipitayo ndani yake, lakini ndani ya gegedu damu haipiti. Chakula chake hukipata kwa utando mwembamba ulifunikao upande wa mbele na wa nyuma. Utando huo ndio wenye mishipa, nao hupenyeza chakula kidogo kidogo mpaka ndani. Mtoto wa Iringa aliyepata kulima vinyungu bondeni atafahamu upesi. Gegedu ni mfano wa bustani isiyo na chemchemi, inywayo maji ya mfereji upitao kando. Mtu akiweka kizuizi katikati ya mfereji na bustani, mboga hazifi siku ile ile, lakini zitakufa.

Ugonjwa huanza vijidudu wanapoingia penye utando huo. Mwili hupigana nao, na vita hiyo huleta usaha. Usaha hauna pa kutokea. Basi hukusanyika kati ya utando na gegedu, ukavitenga. Hapo mfereji umekatwa. Gegedu likikosa chakula hufa, na gegedu lililokufa halioti tena.

Na tumfikirie msichana mmoja wa darasa la sita, akaaye Mlandege katika mji wa Iringa. Ndewe zake alitogwa na bibi yake alipokuwa mtoto mchanga. Bibi alitumia sindano na uzi, kisha akatia njiti ya ufagio ili tundu lisizibe, na vidonda vikapona bila taabu. Hilo si la kushangaza, maana ndewe ni ngozi na mafuta, nayo ina damu tele. Wagogo, wakaao kaskazini ya Iringa, zamani walizitanua ndewe zao hata zikapitisha mapambo makubwa, wala hazikuoza.

Lakini rafiki zake walimwambia ya kuwa kipuli cha ndewe ni mambo ya kikale, na kwamba wasichana wa siku hizi huvaa pete ndogo juu, kwenye ukingo. Basi Jumamosi moja, mama yake akiwa sokoni, rafiki mmoja akamtoboa pale juu kwa sindano ya kushonea iliyofutwa kwa pindo la kanga. Jioni wakashuka mto Ruaha Mdogo kufua nguo, akaoga huko, akatumbukiza na kichwa.

Siku ya tatu sikio likaanza kuuma. Hakusema neno, kwa kuwa alitobolewa bila ruhusa. Alifunga kitambaa kichwani, na kwa vile ulikuwa mwezi wa Julai, ambao baridi ya Iringa ni kali, hakuna aliyemwuliza. Siku ya nne hakuweza kulilalia sikio lile. Siku ya tano alimkuta bibi yake ameketi jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona kitambaa hakikutoki kichwani tangu juzi?"

"Baridi, bibi."

"Baridi ya sikio moja?"

Bibi akamfungua. Sehemu ya juu ya sikio ilikuwa nyekundu, ya moto, imevimba na kung'aa. Vile vilima na mabonde vya sikio, ambavyo kila mtu huzaliwa navyo, vilikuwa vimepotea. Lakini ndewe ilikuwa kama siku zote, haina uvimbe wala wekundu, na kipuli chake kinaning'inia.

Alama hii matabibu huitazama sana. Ndewe haina gegedu, kwa hiyo ugonjwa wa utando wa gegedu kwa kawaida huiacha salama. Wekundu ukienea sikio zima pamoja na ndewe, huenda ikawa ni ugonjwa wa ngozi tu. Tena yako maradhi mengine, ya nadra, ambayo mwili wenyewe huyashambulia magegedu yake bila kidonda wala kijidudu. Hayo huja na kuondoka na kurudi tena, na mara nyingi hushika masikio yote mawili. Haya si yale ya msichana wetu.

Majirani walikuja kila mmoja na shauri lake. Mmoja alitaka lipakwe majivu. Mwingine alileta vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani kwake tangu mtoto wake alipokohoa. Huyu wa pili alionekana mwenye elimu kuliko wa kwanza, na kwa sababu hiyo kosa lake lilikuwa la hatari zaidi. Mara nyingi ugonjwa huu huletwa na kijidudu aitwaye Pseudomonas, na amoksilini haimwui hata kidogo. Mgonjwa hunywa vidonge, akangoja kwa matumaini, na kila siku anayongoja gegedu lake linakufa.

Kijidudu huyo hupenda majimaji. Hukaa mtoni, katika madimbwi, penye mabomba ya kunawia, na katika vyombo visivyokauka. Mara nyingine huupa usaha rangi ya kijani, na jina lake la pili, aeruginosa, latokana na rangi ya kutu ya shaba. Mtu mwenye ngozi nzima huoga naye asidhurike. Lakini tundu jipya gegeduni ni mlango ulio wazi.

Habari iliyotokea Marekani yaonyesha jambo hilo. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon, watu walitobolewa masikio katika kibanda kimoja cha biashara. Baada ya siku chache masikio yakaanza kuvimba. Watu 7 walithibitishwa kuwa na Pseudomonas, wengi wao vijana, nao walikuwa wametobolewa juu, kwenye gegedu. Wachunguzi wa afya walimtafuta kijidudu huyo kibandani, wakamkuta katika chupa ya dawa ya kusafishia. Chupa ile ilikuwa ikijazwa tena na tena. Basi kile kilichowekwa ili kuua vijidudu ndicho kilichokuwa makao yao. Baadhi ya wagonjwa wale walibaki na masikio yaliyoharibika umbo.

Wala si tundu peke yake liletalo madhara. Mtu akiungua sikio, au akiumwa na mdudu akajikuna kwa kucha chafu, vijidudu hupata njia. Wapiganao mieleka na ngumi huvilia damu chini ya utando, na damu hiyo hulitenga gegedu na chakula chake kama usaha ulivyofanya. Mzazi ampigaye mwanawe kofi la sikio hudhani ametoa adhabu ndogo. Hajui kilichomo chini ya ngozi ile, na afadhali angalijua.

Bibi hakutaka majivu wala vidonge vya jirani. Akajifunga kanga, akamshika mjukuu mkono, wakaenda hospitali ya mkoa, ambayo imo mjini humo humo. Njiani msichana alilia, si kwa maumivu tu, bali kwa kuogopa mama yake. Bibi akamwambia, "Mama yako nitasema naye mimi. Wewe lichunge sikio lako."

Tabibu aliitoa pete, akalibonyeza sikio polepole. Akaona ya kuwa limelegea kama kifuko cha maji, maana yake usaha umekwisha kukusanyika. Kama msichana angalikuja siku ile ya kwanza ya maumivu, yaelekea dawa peke yake ingalitosha, nayo ni dawa yenye uwezo juu ya Pseudomonas, kama siprofloksasini, itolewayo kwa kipimo cha tabibu. Sasa ilipasa kupasua. Walimchoma sindano ya ganzi, wakafungua mahali padogo, usaha ukatoka. Wakaosha ndani, wakakata kipande cha gegedu kilichokwisha kufa. Kisha wakalibana sikio kwa bandeji, mbele na nyuma, ili utando ushikamane tena na gegedu lililo zima, na usaha usipate nafasi ya kurudi. Dawa alitumia siku nyingi, hata baada ya maumivu kwisha.

Alipofunguliwa bandeji ya mwisho, jambo la kwanza alilouliza ni kama atasikia vizuri. Alisikia kama zamani, kwa kuwa kazi ya kusikia hufanywa ndani kabisa ya kichwa, na ugonjwa haukufika huko. Lakini ukingo wa juu wa sikio ulibaki umejikunja kama jani la mhindi lililopigwa na jua, na chini yake, kwenye ndewe, kilining'inia kipuli alichovikwa na bibi yake.