Unapotafuta Nyumba, Tafuta na Hewa: Somo Kutoka Kibera na Kawangware

Bila shaka umewahi kuhama. Unapohama katika jiji la Nairobi, maswali huwa ni yale yale: Kodi ni pesa ngapi? Steji iko wapi? Maji yapo? Mwenye nyumba ni mtu wa aina gani? Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza: Je, mtoto wangu atavuta hewa ipi hapa? Atacheza wapi? Nikitaka kukaa chini ya mti Jumapili alasiri, nitatembea dakika ngapi?

Watu wengi hudhani kwamba maswali haya ni ya matajiri wa Karen na Muthaiga. Sivyo. Tajiri ana bustani yake na gari la kumpeleka mbugani. Mtu anayelipia chumba kimoja cha mabati ndiye anayehitaji zaidi mti wa jirani, kwa kuwa ndani ya chumba chake hamna nafasi. Somo letu wiki hii ni jinsi ya kuchagua mahali pa kuishi ili uwe karibu na kazi na pia karibu na miti, na tutatumia mitaa miwili ambayo wasomaji wengi wanaijua vyema, Kibera na Kawangware.

KWA NINI MITI NI JAMBO LA AFYA

Katika mwaka wa 1984, mtafiti Mmarekani Roger Ulrich alichapisha uchunguzi kuhusu wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Baadhi yao dirisha lao lilitazama miti, na wengine lilitazama ukuta wa matofali. Wale walioona miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Tangu hapo, wataalamu wengi wamelichunguza jambo hili. Shirika la Afya Duniani, tawi la Ulaya, linashauri kwamba kila mkazi wa mjini awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta katika umbali wa mita 300 hivi kutoka nyumbani. Huo ni mwendo wa dakika tano kwa miguu.

Sababu si za ajabu. Miti hupunguza joto na vumbi. Mahali penye kivuli huwavuta watu watoke nje na kutembea, na mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka au kazi kama hiyo kila wiki ili kujikinga na shinikizo la damu na kisukari. Tena, akili iliyochoshwa na kelele za matatu hupumzika.

KIBERA: MTAA ULIOITWA MSITU

Wengi husahau kwamba jina Kibera linatokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu au pori. Askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles walianza kukaa hapo mapema katika karne ya ishirini, wakati ambapo miti ilikuwa mingi kuliko watu. Katika sensa ya mwaka wa 2009 walihesabiwa watu 170,070 katika eneo hilo dogo.

Msitu wenyewe haujaisha. Upande wa magharibi, nyuma ya uwanja wa maonyesho wa Jamhuri, unaanza msitu wa Ngong Road. Ulipotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932 ulikuwa na zaidi ya ekari 7,000. Leo umebaki na takriban ekari 3,000, kwani sehemu nyingine ziligawanywa. Hata hivyo, mkazi wa Kianda au Olympic yuko karibu na msitu wa asili kuliko wakazi wengi wa Nairobi wanaolipa kodi mara kumi zaidi yake.

Kuhusu kufika mjini, Kibera ina nafasi nzuri. Ni kilomita kama sita hivi kutoka katikati ya jiji. Maelfu ya watu hutembea kila asubuhi kwenda Industrial Area, wengine wakifuata reli. Hospitali ya Mbagathi na ile kuu ya Kenyatta ziko jirani.

Lakini si kila kilicho kijani ni rafiki wa afya. Bwawa la Nairobi, chini kabisa ya Kibera, lilijengwa mwaka wa 1953 kuwa akiba ya maji, na zamani watu waliendesha mashua hapo kujiburudisha. Baadaye taka na maji machafu yaliingia, gugu maji likatanda. Ukitazama kwa mbali utadhani ni shamba zuri, lakini ni maji ya mitaro. Chumba kinachotazama bwawa au kijito cha namna hii si chumba cha "karibu na mazingira". Ni chumba cha karibu na kuhara na homa ya matumbo.

KAWANGWARE: KIVULI CHA JIRANI

Kawangware iko magharibi mwa jiji, ukishapita Lavington. Matatu ya nambari 46 ndiyo inayojulikana zaidi. Msongamano wa magari asubuhi unaweza kula saa nzima na zaidi, kwa hivyo anayefanya kazi katikati ya jiji lazima ahesabu nauli na muda.

Faida ya Kawangware ni kwamba wakazi wake wengi wana vibarua Lavington na Kilimani, na huenda kwa miguu. Barabara kama Gitanga na James Gichuru zina miti mikubwa pembeni. Usiidharau miti hiyo kwa kuwa imepandwa mbele ya nyumba za wengine. Kivuli hakina ua. Anayetembea nusu saa kwenda kazini chini ya miti na nusu saa kurudi, siku tano kwa wiki, ameshapata dakika 300, bila kulipa senti.

Kwa matembezi ya Jumapili, familia ya Kawangware inaweza kupanda matatu moja hadi Kilimani na kwenda Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka wa 1907, au kushuka kwa barabara ya Naivasha hadi Ngong Road na kufuata msitu. Upungufu wa mtaa huu ni kwamba ndani yake, kuanzia Congo hadi Gatina, viwanja vya watoto ni vichache mno na ploti zimebanana.

TAHADHARI YA MTO

Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilitufunza kwa uchungu. Mito ya Nairobi ilifurika, watu wakafa, na serikali ikaamuru waliojenga kando ya mito wahame. Nyumba nyingi zilibomolewa. Kanuni za maji nchini huacha ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka ukingo wa mto bila majengo, na amri ya wakati huo jijini ilitaja mita 30.

Kodi ya chumba cha kando ya mto huwa nafuu kwa sababu. Kabla ya kulipa, hesabu hatua 40 kubwa kutoka ukingoni. Ikiwa chumba kiko ndani ya hatua hizo, kiache. Tazama pia ukutani: alama ya matope ikifika magotini, ujue maji yalifika hapo na yatarudi. Uliza vilevile kama kuna barabara inayopangwa kupita. Julai 2018 maelfu ya wakazi wa Kibera walivunjiwa nyumba kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata.

HESABU YA KWELI YA KODI

Tuseme baba na mama wenye mtoto wa miaka miwili wanatafuta chumba, na kazi yao iko mjini. Chumba cha kwanza kiko Kibera, kodi ni shilingi 3,500, na kazini wanakwenda kwa miguu. Maji hununuliwa: mitungi minne kwa siku, shilingi 10 kila mmoja, yaani 1,200 kwa mwezi. Jumla ni 4,700. Chumba cha pili kiko Kawangware, kodi ni 3,000 na maji yamo ndani ya ploti. Lakini nauli ya mmoja wao ni 60 kwenda na 60 kurudi, kwa siku 26, yaani 3,120. Jumla ni 6,120.

Kwa hivyo chumba cha "bei ghali" kimekuwa rahisi kwa shilingi 1,420. Je, wakichukue? Bado. Hakina dirisha, na jiko la makaa huwashwa mlangoni. Mtoto akipata homa ya mapafu na mama akakosa kibarua cha shilingi 700 kwa siku mbili, zimekwenda 1,400 kabla hata dawa haijanunuliwa. Ile akiba yote imeliwa na kikohozi.

Sasa tuseme katika kijiji hicho hicho cha Kibera kuna chumba cha tatu, juu kidogo ya mteremko, chenye madirisha mawili na nafasi ya kupikia nje, kwa shilingi 4,000. Pamoja na maji ni 5,200. Hicho ndicho cha kuchukua. Shilingi 500 za ziada ni dawa uliyonunua kabla ya ugonjwa.

MAMBO SABA YA KUKAGUA

1. Nenda mara mbili: mchana, na tena jioni watu wanapopika. Moshi wa jioni ndio utakaovuta kila siku.

2. Ingia chumbani, ufunge mlango. Kama huoni mwangaza wala husikii hewa ikipita, kumbuka kwamba viini vya kifua kikuu hupenda chumba kama hicho.

3. Uliza choo kinatumiwa na milango mingapi, na kama hufungwa usiku.

4. Fuata mtaro hadi unakoishia. Usiishie mlangoni mwako.

5. Tembea kutoka hapo hadi kwenye mti, uwanja au bustani iliyo karibu, ukitazama saa. Dakika tano ni vyema sana, kumi na tano si haba. Ikizidi nusu saa, hutakwenda.

6. Waulize kina mama wa hapo kama watoto huchezea huko na kama ni salama. Msituni usiingie peke yako, wala alfajiri au jioni. Nendeni kikundi, mpitie lango lenye walinzi.

7. Pima safari ya kazini saa ile ile ya asubuhi utakayokuwa ukienda, si saa nne wakati barabara ni tupu.

NA ASIYEWEZA KUHAMA?

Wako wasomaji watakaosema, "Haya ni mazuri, lakini mimi sina pesa za deposti." Nao wana la kufanya. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, familia nyingi za Kibera zilifunzwa na shirika la Kifaransa la Solidarités kupanda sukuma wiki katika magunia yaliyojazwa udongo. Gunia moja mlangoni huleta mboga na ukijani pamoja. Ukikosa dirisha, mwombe mwenye nyumba akubali ukate tundu juu ya ukuta, chini ya paa, na uweke wavu. Jiko litoe nje kabisa hadi makaa yawe majivu.

Vilevile, unganeni. Tangu mwaka wa 2006 wakazi wa Kibera, wakisaidiana na shirika la Kounkuey, wamegeuza jaa kadhaa kando ya mito kuwa viwanja vyenye mahali pa kufulia, pa kuchezea watoto na pa kupumzikia. Mahali pa taka pakawa pa kuketi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tunaongeza: ukishaingia ndani, toka tena nje, uangalie mtoto wako atakimbilia wapi.